Kirikuu ya kulala, Tanga mpaka Mtwara kwa pantoni: kwa nini mkia unakwangua wakati wa kushuka?

#1 Msafiri wa Kirikuu

Wakuu salaam.

Nina Suzuki Carry, kirikuu hizi hizi za kubebea nyanya. Nimetoa bodi ya nyuma nikajengea kiboksi cha mbao na bati. Ndani kuna kitanda, jiko la mtungi mdogo wa gesi, tenki la maji la lita 60 chini ya kitanda, na nyuma nimechomelea ngazi ya kupandia. Mke wangu anaiita banda la kuku, ila akishaingia humo analala kunizidi mimi.

Mpango ni kushuka na pwani yote: Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Dar, Kilwa, Lindi, Mtwara. Kila penye kivuko nipande kivuko, hata kama kuna njia ya mkato. Segera na Chalinze nimezichoka, nataka nione maji.

Nikasema nijaribu kwanza kwa safari fupi, kivuko kimoja cha mtoni, jina naliacha. Kupanda, hamna shida. Kushuka sasa: magurudumu ya mbele yameshashika gati, ya nyuma bado yako juu ya mlango wa pantoni, nasikia kraaaa. Mkia umekaa kwenye chuma. Ngazi imepinda, koki ya maji machafu imekatika. Abiria wakasukuma, wengine wanacheka, nikatoka.

Swali: tatizo liko wapi hasa? Na waliowahi kulala garini ukanda wa pwani, nipeni vituo.

#2 Ngoja Waje

Nimeshika namba. Wajuzi wapite mbele.

#3 FundiSpringi

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe kwenye uzi. Lita 60 zikijaa ni kilo 60, na kwa maelezo yako ziko nyuma ya ekseli. Jumlisha mbao, bati, godoro, mtungi, vyombo, na ngazi ya chuma uliyoning'iniza mwisho kabisa. Springi za kirikuu zinabeba mzigo, sikatai, ila nyanya zinasambaa bodi nzima na zikifika sokoni zinashushwa. Mzigo wako haushuki hata siku moja. Springi zimelala, mkia umeshuka vidole vinne, vitano, na nafasi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha.

Hamisha tenki lije nyuma tu ya kiti cha dereva. Ongeza jani moja la springi kila upande. Usiongeze mawili, gari litaruka sana na huyo shemeji atarudi Tanga na basi.

#4 Mvuvi wa Kigombe

Fundi umesema, ila hujamuuliza alishuka saa ngapi. Mleta uzi, mwezi ulikuwaje? Mwezi wa juu huko angani, sio wa mshahara.

Pwani yetu wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne. Na bamvua ina saa zake: maji yanajaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi, saa kumi na moja, halafu yanapwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Ukifika kivukoni saa nne ya bamvua unakuta pantoni imetua chini kabisa ya gati, kule ambako saruji imeliwa na maji na mwinuko ni mkali. Mbele ya gari inapanda, nyuma bado inateremka mlango, lazima mkia ukae. Ungeshuka hapo hapo saa kumi na mbili asubuhi usingesikia kitu. Gari halina kosa lolote.

#5 Msafiri wa Kirikuu

Asanteni. Mvuvi, ilikuwa kwenye saa nne hivi kweli, maana tulishakunywa chai. Mwezi sikuuangalia. Kitu kingine ambacho sikukisema: mbele yangu kulikuwa na Fuso la mkaa, ndilo lilishuka kwanza.

#6 Baharia Mstaafu

Hapo kwenye Fuso ndipo penye jibu. Nimefanya kazi kwenye vivuko miaka mingi, naomba mnisikilize.

Pantoni inaelea. Ukiweka lori zito mbele, pua inazama kidogo. Lori likishuka, pua inainuka, na mlango uliokuwa umelala vizuri unasimama. Gari dogo linalofuata papo hapo linakutana na pembe tofauti kabisa na ile ambayo dereva wake aliiona akiwa amekaa anasubiri. Ndiyo maana wapangaji wazuri wanaweka mzigo mzito katikati. Mlango ukishainuka, subiri nahodha asukume mashine kidogo, pantoni ikae, ndipo ushuke. Wewe uliliandama Fuso, sivyo?

Na shemeji alikuwa ndani ya gari au ameshuka kwa miguu? Kanuni ya kivukoni abiria wote wanashuka kwenye gari, anabaki dereva peke yake. Breki ya mkono, gia, na vigogo chini ya tairi. Mtungi wa gesi unafungwa kabla hujafika foleni.

#7 Msafiri wa Kirikuu

Shikamoo mzee. Alishuka, na mtungi ulifungwa. Fuso nililifuata kwa sababu kijana wa pantoni alikuwa ananiita "njoo njoo njoo".

#8 Mama Chai wa Kivukoni

Mie nauza chai na vitumbua kivukoni, nawatazama kila siku ya Mungu. Njoo njoo njoo imewaponza wengi. Vijana wanataka pantoni irudi upande wa pili, watu wanasubiri, wao mkia wako hauwahusu.

Wenye magari ya chini wanaojua wanashuka mshazari. Tairi moja inagusa gati kwanza, halafu ya pili, hawaendi moja kwa moja. Kuna dereva mmoja wa teksi ana vipande viwili vya ubao wa mninga kwenye buti. Akifika anaviweka pale mlango unapokutana na saruji, anapita taratibu, anaviokota, anakuja kunywa chai ameshika ubao mkononi unachuruzika maji. Sijamsikia akikwangua hata mara moja. Hana springi mpya, wala mwezi hautazami.

#9 Kaka Probox

Probox yangu imepita kila pantoni nchi hii, bamvua, Fuso, mkaa, kila kitu. Haijakwangua. Mnampamba mtu na sayansi, gari lake bovu basi.

#10 FundiSpringi

Probox ina mkia mfupi nyuma ya tairi. Yeye kirikuu kaiongezea kiboksi na ngazi, mkia umekuwa mrefu kuliko ulivyotoka kiwandani. Pima kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi mwisho wa ngazi, halafu pima kutoka ardhini hadi hapo hapo. Ukizidisha urefu, pembe inapungua, haijalishi umeshuka saa ngapi. Mshazari unasaidia, sikatai, ila unatibu homa bila kutibu malaria.

#11 Baharia Mstaafu

Na mshazari kwenye mlango mwembamba, mvua imenyesha, chuma kina oili? Mama, kwa heshima zote, huo ushauri uwe na mipaka. Nimeona tairi likitoka pembeni ya mlango.

#12 Mama Chai wa Kivukoni

Mzee, nimesema wanaojua.

#13 Dodoma Kavu

Tangu lini kirikuu ikapelekwa fungate? Nyanya tutabebea nini?

#14 Njia ya Pwani

Turudi kwenye safari yenyewe, maana naona springi zimeshakuwa kesi.

Tanga hadi Pangani siku hizi sio ile ya kumeza vumbi, ila ulizia, maana ujenzi wa barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo umekuwa ukienda kwa vipande. Pangani unavuka mto kwenda Bweni. Hapo pantoni ni fupi, dakika chache, lakini ni kivuko kizuri kuliko vyote: mji wa zamani uko nyuma yako, minazi mbele, bodaboda na wamama na madumu ya samaki wamekuzunguka pande zote. Daraja la Pangani lenye mita 525 linajengwa karibu na hapo. Likifunguka, hiyo pantoni sijui itakuwa na kazi gani, kwa hiyo kama una hamu nayo, wahi.

Kutoka Bweni unashika Ushongo, Mwera, Mkwaja, halafu Saadani. Udongo mweusi wa huko mvua ikinyesha usijaribu na kirikuu isiyo na fowili. Wakati wa masika zunguka Segera tu, umezichoka au hujazichoka.

#15 Mgosi wa Magoroto

Saadani si ni pori la akiba? Unapita bure.

#16 Njia ya Pwani

Ilikuwa pori la akiba zamani. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Ukiingia hifadhini unalipa, tena kwa namba ya malipo au kadi, usiende na bunda la noti. Na kulala humo ni kwenye kambi zilizoruhusiwa, sio popote unapoona pazuri. Ni mahali ambapo wanyama wa nchi kavu wanafika hadi kwenye mchanga wa bahari. Kasa wa kijani wanataga Madete, na mto Wami una viboko na mamba. Kiboksi cha mbao kisikupe ujasiri, tembo hajali mbao.

#17 Mvita Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Mnaongea pantoni kama mmezianzisha nyinyi. Sisi feri ndio maisha. Likoni watu wa miguu wanavuka bure, magari yanalipa, na foleni ya gari saa za jioni unaweza kuoa ukaachika. Siku hizi tuna barabara ya Dongo Kundu ya kuzunguka kwenda kusini, ukiwa na kirikuu yako na huna haraka ya kuona maji unapita huko.

Zamani ilikuwa zaidi. Kilifi tulikuwa na feri hadi daraja lilipofunguliwa 1991. Mtwapa wakati wa mkoloni feri ilikuwa inavutwa kwa mnyororo na wanaume wakiimba, babu alitusimulia hadi nyimbo. Na Lamu mtu asidanganywe: gari unaliacha Mokowe, unapanda mashua. Mji ule ni wa punda.

Ukitaka kuanzia kwetu, mpaka ni Lunga Lunga upande wetu na Horohoro upande wenu. Beba kitabu cha gari na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Hapo hakuna pantoni, ni lami.

#18 Dodoma Kavu

"Unaweza kuoa ukaachika", hii nimeiiba.

#19 Mvuvi wa Kigombe

Mvita, hiyo Likoni mlango wake vipi, magari madogo yanakwangua?

#20 Mvita Kwetu

Salun za chini zinakwangua bampa la mbele wakati wa kuingia, zaidi ya mkia kutoka. Maji yakipwa sana huwa tunaona. Kwa hiyo mimi nampigia kura mvuvi. Lakini sisi Likoni huwa hatuna nafasi ya kujadili, ukisitasita nyuma wanapiga honi na watu elfu wanakupita ubavuni. Feri zetu zimewahi kutuletea msiba mkubwa, Mtongwe 1994 walikufa watu 272. Tangu hapo mtu akiniambia shuka kwenye gari, sibishi.

#21 Bongo Msafi

Mkuu ongeza Zanzibar. Ukifika Dar ingiza kirikuu kwenye boti ya Kilimanjaro, masaa mawili uko Unguja, unalala Nungwi garini.

#22 Mpemba wa Wete

Assalamu alaykum. Bongo Msafi, hizo boti za Kilimanjaro ni za watu na mabegi, gari utaliingiza wapi, kwenye viti? Gari linapanda meli ya mlango, kama zile Azam Sealink, zinakwenda taratibu. Ratiba zinabadilika, na foleni ya mizigo ni ya watu wenye subira.

Halafu kuna forodha. Gari lenye namba za bara likishuka Malindi, bandari ya Unguja, lina karatasi zake, ulizia kabla hujalipa nauli, usifike bandarini ukaanza kupiga simu kwa binamu.

Na angalia upepo. Mie kipindi cha kusi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, gari langu halipandi meli labda kuwe na maiti. Skagit ilizama Julai 2012, Spice Islander Septemba 2011. Simtii mtu hofu, lakini mkondo wa Nungwi wakati wa kusi sio mahala pa kufanyia majaribio ya ngazi ya kuchomelea. Njoo kaskazi, Januari au Februari, bahari imetulia, maembe yanakaribia kwisha ila yapo.

Kuhusu mkia, meli kubwa mlango wake unatua kwenye gati la zege bandarini, na hapo nako maji yakijaa au yakipwa mno wanasubiri. Mimi nakubaliana na mzee baharia na mvuvi kwa pamoja, fundi anisamehe.

#23 FundiSpringi

Sina kinyongo. Mkishamaliza kuutazama mwezi nileteeni hilo gari.

#24 Dada wa Nordland

Habari zenu. Niko Norway, pwani ya kaskazini, mume wangu ana kampavan na kila kiangazi tunapita barabara ya 17, Steinkjer mpaka Bodø. Ni zaidi ya kilomita 600 na vivuko sita njiani. Wenzetu hapa mambo haya wameyafanya utamaduni: unafika, unasimama kwenye mstari wako, kamera inasoma namba ya gari, bili inakuja nyumbani. Gari likizidi mita 6 bei inaruka, ndiyo maana wengi wanapenda magari madogo. Kivuko cha kwanza cha magari kinachotumia umeme wa betri, Ampere, kilianza hapa 2015.

Sasa nilichotaka kusema. Mkia kukwangua na huku upo! Magari ya kulala mengi yana mkia mrefu, na maji yakipwa sana daraja la gati linainama vibaya. Wenye magari hayo wanafunga vigurudumu vidogo vya chuma chini ya mkia, viwili. Ukigusa, vinabiringika badala ya kukwangua. Havizuii kugusa, vinazuia kuharibu. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea.

Kuhusu kulala bure mnayoisikia ya huku, ile haki ya kulala porini ni ya watu wa mahema, mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Gari sio hema. Watu wanalichanganya hilo wanapigwa faini.

#25 Kaka Probox

Dada uko mita 150 kutoka kwenye nyumba ya mtu na una vigurudumu kwenye mkia. Sisi hatutaki makuu, tunataka koki ya maji isikatike.

#26 Baharia Mstaafu

Wazo la vigurudumu ni zuri. Ila mlango wa pantoni zetu una nondo zimechomelewa kwa kukingama ili tairi zisiteleze. Kigurudumu kidogo kitadumbukia kati ya nondo na nondo, na hapo ndipo utang'oa mkia wote. Kama ni vikubwa sawa, lakini vikubwa vinashusha mkia zaidi. Au ateleze na chuma bapa, kama lile la chini ya jahazi.

#27 Dada wa Nordland

Nondo sikuzifikiria. Hapa mlango una alama ndogo ndogo tu.

#28 Mmakonde Asiyechoka

Kusini hamjagusa. Ndugu mleta uzi, ukitoka Dar utavuka Magogoni kwenda Kigamboni kwa kujifurahisha tu, maana daraja la Nyerere lipo tangu 2016. Ukishaona Kigamboni rudi Kongowe ushike barabara ya Kilwa.

Rufiji unapita juu ya daraja la Mkapa, mita 970, la mwaka 2003. Hapo ndoto yako ya pantoni inakufa kidogo. Kabla ya kufika daraja, ukiwa Bungu, kuna njia ya kwenda Nyamisati: huko kuna kivuko cha MV Kilindoni kinachokwenda Mafia. Sio mto huo, ni bahari, na kinafuata maji. Ukitaka kukaa Mafia na kirikuu ndio mlango wako.

Somanga uwe macho. Mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya mwezi wa tano viliikata barabara, kusini tukabaki kama kisiwa, malori yamejipanga pande zote mbili. Masika usiende bila kuulizia madereva.

Kilwa lala Masoko, karibu na bandari. Utaingiza gari hadi Kilwa Kisiwani, uone magofu ya msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa...

#29 Njia ya Pwani

Mmakonde, gari Kisiwani linaingiaje? Ni mashua tu. Unaacha gari Masoko, unachukua kibali kwanza, unapanda boti au jahazi. Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, hakuna barabara wala gati la magari.

#30 Mmakonde Asiyechoka

Sawa, niliandika haraka. Gari linabaki Masoko. Nimalizie Mtwara basi: pale kuna kivuko cha Msangamkuu, MV Mafanikio, unavuka kutoka mjini unakwenda rasi ya ng'ambo. Pale ndipo utakapopata pantoni yako ya mwisho. Wengine watakwambia Kilambo uvuke Ruvuma kwenda Msumbiji. Ile pantoni ni ya kuvizia maji, fungu la mchanga likihama mnakaa katikati ya mto. Na jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo hiyo, halijatulia tangu 2017, usimpeleke shemeji. Daraja la Umoja liko Mtambaswala, mbali huko bara.

#31 Kijana wa Ndundu

Mmetaja daraja la Mkapa mkapita mbio. Kabla ya 2003 pale Ndundu kulikuwa na pantoni, na ile ndiyo ilikuwa kipimo cha safari ya kusini. Basi likifika jioni mmelala. Mama zetu walikuwa wanapika pale pale kwenye majani, wauza samaki wanapita na karabai, dereva analala chini ya basi. Watu wamekutana pale, wamechumbiana pale. Mzee wangu yeye alikuwa anaikwepa, alikuwa anapanda meli Canadian Spirit kutoka Dar hadi Mtwara, anatapika njia nzima, na bado anaisifia.

Kwa hiyo mleta uzi anayedhani amebuni kulala kwenye gari kando ya kivuko, wazee wa Lindi wamelala sana.

#32 Msafiri wa Kirikuu

Haha, nimekubali. Nimeandika yote kwenye daftari. Sasa kulala jamani, mnipe ukweli wa usalama.

#33 Mama Chai wa Kivukoni

Usiegeshe chini ya mnazi. Nazi haichagui bati. Usiegeshe kwenye mchanga mgumu wa chini ukavutiwa na mandhari, maji ya bamvua yatakuja usiku na yatakukuta umelala. Mapazia yawe mazito, watoto watachungulia asubuhi.

#34 Njia ya Pwani

Ukifika kijijini kabla jua halijazama, nenda kwa mwenyekiti au mjumbe. Jitambulishe, onesha kitambulisho, sema unalala usiku mmoja. Mara nyingi utaambiwa egesha hapa karibu na ofisi, na kijana mmoja atapewa kazi ya kukuangalia, utampa chochote. Ukijificha vichakani ndipo unapogeuka mtuhumiwa. Watu wa pwani wana ukarimu ila gari lililofungwa mapazia usiku pembeni ya bahari wanalihesabu la magendo.

#35 Mzaramo Halisi

Na hilo ndilo linalofanya watu wetu wasisafiri hivi. Unaeleza mara mia kwamba unalala kwenye gari kwa hiari. Mtu anakuhurumia, anadhani umefukuzwa nyumba.

#36 Bongo Msafi

Sio hilo. Ni bei. Ukijumlisha mafuta, viingilio na kivuko, gesti ya elfu ishirini inakushinda wapi?

#37 Kijana wa Ndundu

Ni mbu. Msizunguke.

#38 Mpemba wa Wete

Mie nasema ni ndugu. Mswahili kila mji ana shangazi. Ukilala kwenye gari mtaa wa pili na shangazi yupo, kesi yake haiishi hadi Idd.

#39 Mvita Kwetu

Mpemba ameua.

#40 FundiSpringi

Nimepitia uzi wote. Mleta uzi, fanya jaribio. Nenda kivuko kile kile, tenki likiwa tupu, saa ile ile. Ukikwangua, wamenishinda.

#41 Mvuvi wa Kigombe

Saa ile ile sio maji yale yale. Kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima. Wiki moja baadaye saa nne ya asubuhi maji yamejaa. Jaribio lako litakupendelea wewe.

#42 Baharia Mstaafu

Na Fuso la mkaa mtalikodi?

#43 Msafiri wa Kirikuu

Nimempitisha gari fundi wa hapa Tanga leo. Tenki anasema libaki, ila amegundua kitu kingine: tairi za nyuma nilizofunga ni ndogo kuliko za mwanzo, nilinunua kwa bei ya kutupa. Anasema hizo peke yake zimeshusha gari. Ngazi ameikata, nitapanda kwa kigoda.

#44 FundiSpringi

Weka picha ya ubavuni, tairi, springi na mkia, gari likiwa na maji. Huyo fundi wa Tanga amekupunguzia ngazi ndiyo utaona nafuu, halafu atasema ni tairi.

#45 Mama Chai wa Kivukoni

Kigoda kifungwe kamba. Wiki iliyopita kimoja kilielea hadi ng'ambo, mwenyewe alikuwa anakunywa chai yangu.